Alama ya Majaribio Inashuhudia Nini

Alama ya mtihani wa majaribio ni ushahidi, na kila ushahidi una swali linaloutangulia: unashuhudia jambo gani? Anayejiandaa kwa mtihani wa cheti cha kimataifa cha TEHAMA, iwe CCNA ya Cisco, Security+ ya CompTIA au vyeti vya AWS, hukutana na alama hizi karibu kila siku. Anajibu maswali 60 au 90 kwenye simu au kompyuta, anabonyeza kitufe cha mwisho, na skrini inamwandikia asilimia 78. Wengi huichukua namba hiyo kuwa ndiyo kiasi cha maarifa kilichomo kichwani: robo tatu na ushei ya somo imeshaingia, iliyobaki haifiki robo. Usomaji huo una kosa, na kosa lenyewe si la hesabu bali la falsafa. Unachanganya kitu na dalili yake.

Maswali yanayohusika ni ya kale kuliko kompyuta. Kujua ni nini? Je, mtu anaweza kudhani anajua kumbe hajui, na akiwa hivyo, nani wa kumzindua? Mtihani wa majaribio huyaleta yote hayo mbele ya mtu ambaye pengine hakuwahi kufungua kitabu cha falsafa, na humtaka ayajibu kwa fedha zake. Ada ya mtihani wa CCNA ni dola 300 za Marekani, zaidi ya shilingi laki saba. Katika sherehe za kitaifa za Mei Mosi 2025, zilizofanyika Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Mtihani mmoja, basi, unazidi mshahara wa mwezi wa mtumishi wa ngazi hiyo. Mkulima wa alizeti wa Mgori, hukohuko Singida, hana hata huo mshahara. Ana mavuno ya mara moja kwa mwaka. Anayeitazama alama yake na kusema "sasa niko tayari" ameamua jambo la fedha za familia kwa kutegemea jibu la swali la falsafa, apende asipende.

Mgori, kata iliyomo katika Halmashauri ya Wilaya ya Singida, inafahamika zaidi kwa watu wa misitu kuliko kwa watu wa kompyuta, na msitu wake unatoa mfano wa namna ya kuisoma alama. Msitu wake, wenye takribani hekta 44,000, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa mbioni kufanywa hifadhi ya serikali. Kuanzia 1995 usimamizi ukaenda kwa vijiji 5 vinavyopakana nao, kila kijiji kikawa na sehemu yake, sheria ndogo zake na walinzi wake. Pamoja na Duru-Haitemba ya Babati, Mgori ikawa miongoni mwa mifano ya kwanza nchini ya msitu kusimamiwa na wananchi wenyewe, kabla ya Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002 kuutandaza utaratibu huo Tanzania nzima.

Sasa, hakuna mtu anayehesabu mti mmoja mmoja katika hekta 44,000. Anayetaka kujua hali ya msitu hupima vipande vichache, huhesabu miti, visiki na vichipukizi vilivyomo, kisha hukadiria msitu mzima kutokana na hivyo vichache. Kanuni kuu ya kazi hiyo ni kwamba vipande hupangwa kwenye ramani kabla ya mtu kuingia porini. Mstari unachorwa, umbali kati ya kipande na kipande unawekwa, na mpimaji anakwenda pale mstari unapomwelekeza hata kama ni kichakani penye miiba. Sababu ni kwamba mtu akiachiwa achague mwenyewe, mguu wake utampeleka penye njia nzuri na miti mizuri, na hatakuwa amemdanganya mtu mwingine ila yeye mwenyewe. Atarudi kijijini na taarifa ya kweli kabisa kuhusu vipande alivyopima, nayo itakuwa taarifa ya uongo kuhusu msitu.

Mtihani wa cheti hauna tofauti na hilo. Mitaala ya mitandao na usalama wa kompyuta ina maelfu ya mambo yanayoweza kuulizwa, nayo maswali 60 ni vipande 60. Alama haisemi "huyu anajua asilimia 78 ya somo"; inasema "katika sehemu zilizopimwa, asilimia 78 zilikutwa na mti." Kuvuka kutoka kauli ya pili kwenda ya kwanza ni kuruka kutoka yaliyoonekana kwenda yasiyoonekana, na huko ndiko mwanafalsafa wa Uskoti David Hume alikoweka kidole katika karne ya 18: hakuna hoja ya kimantiki inayomlazimisha mtu akubali kwamba yasiyoonekana yatafanana na yaliyoonekana. Watu huruka kwa mazoea. Hume hakusema watu waache kuruka, maana maisha yasingeendelea. Alichokiondoa ni kiburi cha kudhani kwamba mruko huo ni uthibitisho.

Upana wa shimo linalorukwa unaweza kukadiriwa. Chukua mtu ambaye uwezo wake wa kweli ni kujibu robo tatu ya maswali yote yanayoweza kuulizwa. Akipewa maswali 65 yaliyochaguliwa bila upendeleo, mara mbili katika kila tatu hivi atapata kati ya asilimia 70 na 80, na mara ya tatu atatoka nje ya mipaka hiyo, juu au chini, bila kujifunza kitu kipya wala kusahau chochote. Akipewa maswali 20 tu, kama majaribio mengi ya haraka ya kwenye simu yalivyo, mipaka hiyo inapanuka hadi asilimia 65 kwa 85. Kwa hiyo aliyepata 72 jana na 79 leo hana sababu ya kusherehekea, na aliyeshuka kutoka 79 hadi 72 hana sababu ya kulia. Huenda hakuna kilichobadilika zaidi ya maswali yaliyomwangukia.

Kubahatisha nako kuna fungu lake. Mtu anayejua maswali 60 katika 100 na kubahatisha 40 yaliyobaki, kila moja likiwa na majibu manne, kwa wastani ataokota 10 zaidi na kuondoka na 70. Kumi hizo zinaonekana kwenye skrini sawasawa na zile sitini. Mashine haina jicho la kuona tofauti. Mwenye jicho hilo ni mmoja tu, naye ni mtahiniwa, tena kwa muda mfupi: kesho yake atakuwa ameshasahau alipobahatisha na ataamini kuwa zote zilikuwa zake.

Mpaka hapa imechukuliwa kwamba angalau mpaka wa kufaulu uko mahali palepale, umechongwa juu ya jiwe. Hauko hivyo, na kwa Mtanzania jambo hili halihitaji mfano kutoka mbali. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, takribani asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi ilitaharuki, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na Mei mwaka huo serikali ikayafuta matokeo na kuagiza Baraza la Mitihani liyasanifishe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka uliotangulia. Ufaulu ukapanda kutoka asilimia 34.5 hadi 43 hivi. Karatasi za majibu hazikubadilika. Hakuna mwanafunzi aliyerudi chumbani kuongeza hata nukta. Kijana aliyelala akiwa amefeli aliamka amefaulu, na maarifa yake ya hesabu au jiografia yalikuwa yaleyale ya usiku uliopita.

Ni rahisi kulisoma tukio hilo kama kashfa ya siasa na kuishia hapo. Funzo lake ni zito zaidi. Kufaulu hakumo ndani ya karatasi ya majibu, wala hakumo kichwani mwa mtahiniwa. Kumo katika uhusiano wa pande tatu: mtu, maswali aliyopewa, na waliokaa kuamua mstari upite wapi. Mitihani ya vyeti vya TEHAMA inafanya hivyohivyo, ila kimyakimya. Njia moja inayotumika sana katika upimaji duniani ilielezwa na Mmarekani William Angoff mwaka 1971, na imebaki na jina lake. Wataalamu wanakusanywa, wanapewa swali mojamoja, na kila mmoja anamfikiria mtu mwenye uwezo wa kutosha tu, asiyezidi wala kupungua, kisha anakadiria uwezekano wa mtu huyo kulipata swali lile. Makadirio yanajumlishwa, na wastani wake ndio unaozaa mpaka. Maana yake ni kwamba mtahiniwa hushindanishwa na mtu ambaye hayupo, aliyeumbwa katika fikra za watu waliofungiwa chumbani.

Kisha alama hubadilishwa sura. Microsoft hutoa alama katika kipimo cha hadi 1000, na mpaka wa mitihani yake mingi ni 700. Lakini 700 hiyo si asilimia 70 ya maswali. CompTIA hutumia kipimo kinachoanzia 100 hadi 900, na Security+ inadai 750. Watu hugawa 750 kwa 900, wakapata 83, wakajiwekea lengo la asilimia 83 katika majaribio. Hesabu hiyo ni sahihi na haina maana. Kipimo kilichosawazishwa hakigawanyiki hivyo, kwa kuwa kimetengenezwa ili karatasi ngumu na karatasi nyepesi zilinganishwe kwa haki. AWS, katika mtihani wake wa ngazi ya msingi wenye maswali 65, huhesabu 50 tu. 15 yamo ili yajaribiwe yenyewe kwa ajili ya mitihani ijayo, na mtahiniwa haambiwi ni yapi. Cisco yenyewe haitangazi mpaka wa CCNA.

Alama ya majaribio haina chochote kati ya hivyo. Haikusawazishwa, haikupangiwa mpaka na jopo, na mara nyingi maswali yake yametungwa na mwalimu mmoja au kampuni inayouza maandalizi. Asilimia 70 katika benki ya maswali magumu inaweza kuwa habari njema kuliko 92 katika benki laini. Anayeuliza "nipate ngapi ndipo niende?" bila kutaja ni majaribio ya nani, swali lake halijakamilika, na anayemjibu kwa namba moja amempa jibu la kubuni.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, unatokana na kurudia. Mtahiniwa hufanya karatasi ileile mara ya pili na ya tatu, alama ikapanda kutoka 61 hadi 80 hadi 94, na moyo ukatulia. Ni kweli kwamba kuna kilichopanda. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walionyesha kwamba wanafunzi waliojijaribu kukumbuka walichosoma walikuwa wamehifadhi zaidi baada ya wiki moja kuliko wale waliorudia kusoma tu. Na waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi kwamba wangekumbuka. Kujijaribu, basi, ni njia ya kujifunza, tena bora. Lakini hapohapo ndipo fundo lilipo. Mtihani wa majaribio una kazi mbili, kufundisha na kupima, na kazi hizo hazipatani. Kila unapofundisha vizuri, unaharibu uwezo wake wa kupima, kwa sababu swali lililokwisha kufundisha si swali geni tena. Alama ya 94 ya mara ya tatu ni malipo ya kazi ya kwanza. Kuichukua kama taarifa ya kazi ya pili ni sawa na mpimaji wa Mgori kurudi kwenye kipande alichopanda miti mwenyewe.

Tofauti kati ya kulipata jibu na kulijua ilikwisha jadiliwa na Plato katika maandishi yake yaitwayo Meno. Humo Sokrate anatoa mfano wa njia iendayo mji wa Larissa. Mwenye maoni sahihi kuhusu njia hiyo, hata kama hajawahi kuipita, atawafikisha wenzake sawa na yule anayeijua. Basi kujua kuna faida gani kupita kupatia? Jibu la Sokrate ni kwamba maoni sahihi hayatulii, hutoroka, mpaka yafungwe kwa sababu. Katika mapokeo ya Kiislamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizungumzia jambo la jirani na hilo alipotenganisha taqlidi, yaani kushika kauli kwa kuwa mwingine kaisema, na elimu ambayo mtu mwenyewe ameifikia hata shaka ikose pa kuingilia. Plato na al-Ghazali walikuwa na shabaha tofauti, mmoja akitafuta wema na mwingine wokovu wa roho, lakini uchambuzi wao unaingia katika karatasi ya CCNA bila kulazimishwa.

Chukua swali la kawaida: mtandao wenye kiambishi cha /26 unabeba vifaa vingapi? Jibu ni 62. Mmoja amelikumbuka kwa kuwa lilikuwa chaguo C katika karatasi ya jana. Mwingine anasema: biti 32 ukitoa 26 zinabaki 6; mbili kuzidishwa yenyewe mara sita ni 64; anwani moja ni ya mtandao wenyewe na moja ya kutangazia wote; zinabaki 62. Kwenye skrini wote wana alama moja. Badilisha kiambishi kiwe /27, na wa kwanza amenyamaza ilhali wa pili anasema 30 bila kusita. Maoni ya wa kwanza yalikuwa sahihi na yametoroka. Ndiyo maana kipimo cha kweli cha swali la majaribio hakiishii kwenye kuchagua jibu. Kinadai mtu aseme kwa nini jibu lile ni sahihi na kwa nini yale matatu mengine si sahihi. Asiyeweza kusema hivyo ana alama, ila hana elimu ya swali lile.

Kutoka hapo si mbali kufika kwenye maswali yaliyovuja, ambayo huuzwa mtandaoni yakitajwa kuwa ndiyo yatakayokuja. Kampuni zote kubwa za vyeti zimeyapiga marufuku, na anayegundulika anaweza kunyang'anywa cheti. Mjadala wa watu kuhusu jambo hili huishia kwenye haki ya mwajiri anayedanganywa, na hoja hiyo ni ya kweli: mwalimu wa dini yoyote Singida, msikitini au kanisani, ataiita hiyo ghiliba. Upande wa pili hausemwi sana. Aliyenunua maswali hayo amemhonga shahidi wake mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna alama ya majaribio inayoweza kumwambia ukweli, hata akiuhitaji. Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart aliandika mwaka 1975, akizungumzia sera ya fedha, kwamba uhusiano wa kitakwimu huelekea kuvunjika pale unapotumiwa kama nyenzo ya kuongozea mambo. Wazo hilo limetumika tangu hapo popote kipimo kinapogeuzwa kuwa lengo. Shule inayohesabiwa kwa wastani wa mtihani wa utamilifu huishia kufundisha mtihani wa utamilifu. Mtu binafsi hawezi kusalimika na kanuni iliyozishinda shule.

Kuna jambo ambalo vitabu vya maandalizi vya nje haviligusi kabisa, na kwa mtahiniwa wa Mgori ni kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Ni lugha. Mtoto wa huko huanza maisha kwa Kinyaturu nyumbani, anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, anaingia sekondari kwa Kiingereza, na mtihani wa CompTIA au Cisco anaufanya kwa Kiingereza cha kitaalamu chenye sentensi ndefu na mitego ya "ipi si" na "ipi kwanza". Anapokosa swali, kimepimwa nini? Huenda hajui namna swichi inavyojifunza anwani za vifaa. Huenda anajua vizuri, na angeeleza kwa Kiswahili mbele ya darasa bila kukwama, lakini neno moja la kukanusha limempita. Alama inahesabu makosa hayo mawili kuwa kosa moja. Kwa mwajiri anayetaka mtu wa kusoma miongozo ya Kiingereza pengine si dhuluma, kwani lugha nayo ni sehemu ya kazi. Kwa mtahiniwa anayetaka kujua arekebishe nini ni tatizo kubwa, maana dawa ya kosa la kwanza ni kurudi kwenye somo la mitandao, na dawa ya la pili ni kusoma maswali polepole na kuongeza msamiati. Anayemeza dawa ya kwanza kwa ugonjwa wa pili atasoma miezi mitatu na alama haitasogea, kisha atahitimisha kwamba yeye si mtu wa kompyuta. Huenda hitimisho hilo limewapoteza vijana wengi kuliko ugumu wa masomo yenyewe.

Vilevile kuna ujuzi ambao hauulizwi kabisa. Gilbert Ryle wa Oxford, katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu dhana ya akili, alitenganisha kujua kwamba jambo ni hivi na kujua namna ya kulifanya. Mitihani imejaribu kuukaribia upande wa pili kwa maswali ya vitendo ambamo mtahiniwa hupanga mipangilio ya ruta au hupanga hatua za kukabili shambulio. Bado hakuna swali linalompima fundi anayefika kwenye kituo cha afya cha kijijini akakuta umeme umekatika na kurudi mara tano asubuhi hiyo, ruta imejaa vumbi jekundu, na anayemweleza tatizo anasema tu kwamba "mtandao umekufa". Alama haina neno kuhusu siku hiyo.

Ikiwa shahidi ana mipaka yote hii, kazi ya hukumu inarudi kwa mtu mwenyewe, na hapo swali linaacha kuwa la elimu tu na kuwa la maadili na dini. Kizuizi kikubwa cha kuisoma alama vizuri ni nafsi ya msomaji, kwa kuwa anataka ijibu kitu fulani. David Dunning na Justin Kruger walionyesha mwaka 1999 kwamba waliofanya vibaya zaidi katika vipimo ndio waliojikadiria kupita kiasi, kwa sababu ujuzi uliowapungukia ndio uleule unaohitajika ili kuuona upungufu. Dini zimelifahamu jambo hilo kwa njia yake. Wakatoliki wana desturi ya kuichunguza dhamiri. Waislamu wana muhasaba, kuihesabu nafsi. Al-Ghazali aliitengea kitabu kizima, cha 38 katika vitabu 40 vya Ihya Ulum al-Din, na mpangilio aliouweka humo unastahili kuangaliwa na kila mtahiniwa. Hakuanza na hesabu. Alianza na masharti: mtu huiwekea nafsi yake masharti kabla ya kutenda, kisha huichunga wakati wa kutenda, ndipo baadaye huihesabu. Hesabu isiyotanguliwa na masharti huchezewa, maana nafsi ikishaona matokeo hubuni masharti yanayoyafaa.

Mtahiniwa anayefuata mpangilio huo huandika kabla ya kuanza: karatasi hii ni ngeni kwangu, nitaifanya kwa dakika 90 bila daftari wala simu ya pembeni, na nikipata chini ya kiasi fulani sitalipia mtihani mwezi huu. Wakati wa kujibu huweka alama pembeni ya kila swali analobahatisha. Baada ya hapo huyatenga maswali katika mafungu: aliyoyapata akijua, aliyoyapata kwa bahati, aliyoyakosa kwa kutojua, aliyoyakosa kwa kutoelewa swali, na yaliyokatwa na muda. Fungu la pili ndilo linalouma kulihesabu na ndilo lenye faida kubwa. Mtu mwenye 82 ambamo 15 ni za bahati ana kazi zaidi ya kufanya kuliko mwenye 74 ambamo za bahati ni 3.

Muhasaba una adui wa upande wa pili, kukata tamaa, na wanazuoni wa dini walimwogopa huyo sawa na wa kwanza, yaani kujidanganya. Alama ya 48 katika jaribio la kwanza haisemi lolote kuhusu mtu ni nani. Ni taarifa ya tarehe moja kuhusu maswali kadhaa. Wanaoipokea kama hukumu ya majaliwa, kwamba Mungu hakuwaandikia, wanaibebesha namba ya skrini mamlaka ambayo hata mtungaji wake hakuidai. Wale wanaolipia mtihani kwa alama ya 48 huku wakisema Mungu atasaidia wamefanya kosa hilohilo kwa kuligeuza: wa kwanza wameisikia alama kama neno la Mungu, wa pili wameitupa na kulitaja jina lake badala yake.

Alama inayoaminika kuliko zote, kwa hiyo, ni ya mara ya kwanza katika maswali mageni, yaliyo mengi, kwa muda kamili, kutoka zaidi ya chanzo kimoja, baada ya kutolewa zile za bahati. Mtahiniwa mwenye karatasi mbili au tatu za namna hiyo zinazosema jambo moja ana msingi wa kuamua. Mwenye karatasi moja aliyoirudia mara kumi hana. Karatasi ngeni ni mali adimu na zisimalizwe mapema. Inafaa walau mbili zibaki bila kufunguliwa mpaka wiki za mwisho.

Mtihani wenyewe nao, ukifika, ni sampuli nyingine ya vipande, iliyopangwa kwa uangalifu zaidi na kulindwa zaidi, ila bado ni sampuli. Wapo wenye uwezo wanaoanguka kwa pointi chache na wapo dhaifu wanaopita. Kampuni zinajua hivyo, na ndiyo maana zote zinaruhusu kurudia: anayeshindwa mtihani wa AWS husubiri siku 14 na hulipa ada upya. Hata waliofaulu hawashuhudiwi milele. Vyeti vya CCNA, Security+ na vile vya AWS hudumu miaka 3, kisha mwenye cheti hutakiwa kukihuisha.